Pikipiki Iliyolala kwa Naisula

Kule juu Kiranyi, kwenye mteremko wa mlima wa Meru, ukimtaja Sinyati tu, watakuuliza Sinyati yupi. Sema Sinyati wa pikipiki, na hata mtoto aliyekuwa akichunga mbuzi ataacha mbuzi wake akakupeleke. Ni mama mwembamba, mjane, mpole wa maneno, mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya ya akina mama usharikani. Kila asubuhi huvaa suruali ya marehemu mumewe, akafunga kitenge juu yake, akavaa kofia ngumu juu ya kilemba, kisha akapita nyumba kwa nyumba kukusanya maziwa na kuyateremsha mtaa wa Sakina kabla jua halijayaharibu.

Mumewe alipofariki aliacha ng'ombe, mtoto mmoja aitwaye Gadiel ambaye sasa anafanya kazi Dodoma, na pikipiki hiyo. Shemeji zake walikaa wakaamua iuzwe. Mwanamke ataifanyia nini pikipiki? Wengine walicheka, wakauliza sketi itakwenda wapi.

Aliyesimama akasema hapana alikuwa Naisula, mama Joyce, jirani wa pale barabarani. Naisula hakuwa na aibu ya kusema mbele ya wanaume. Aliwaambia, "Hiyo ni mali ya Gadiel na mama yake. Mkitaka kuiuza, anzeni kwa kuniuza mimi." Tena haikuishia kwenye maneno. Siku za Jumamosi, uwanja wa kanisa ukiwa mtupu, Naisula alishika kiti cha nyuma cha pikipiki akakimbia nayo, viatu mkononi, akipiga kelele, "Usiangalie gurudumu! Angalia mbele, angalia msalaba!" Sinyati alianguka mara nyingi. Naisula alimwinua, akamfuta vumbi, wakacheka mpaka wakakaa chini. Hivyo ndivyo Sinyati alivyojifunza kuendesha.

Kwa sababu nyumba ya Sinyati iko ng'ambo ya korongo, na njia ya korongoni inatelezesha hata mguu wa mbuzi, pikipiki ililala kwa Naisula, ndani ya banda la nyasi za ng'ombe. Ufunguo nao uliachwa huko, ukaning'inia kwenye msumari wa mlango wa jikoni, ili mume wa Naisula akitaka kutoa ng'ombe aisogeze. Sinyati hakuwahi hata mara moja kufikiri kwamba ufunguo ule uko kwa mtu mwingine. Kwa Naisula ni kama kwake.

Mambo yakaenda hivyo miaka kwa miaka, mpaka pikipiki ilipoanza kuumwa.

Ilianza mwishoni mwa masika. Asubuhi aliipiga kiki, ikawaka kwa shida, na kabla hajafika nyumba ya pili ikaanza kukohoa. Inavuta, inakata. Inavuta, inakata. Akiongeza mafuta inashtuka kama ng'ombe aliyeumwa na mbung'o, halafu inazima. Madumu yakagongana, wanawake wakatoka malangoni na maziwa yao wakamngoja, jua likapanda. Alipofika Sakina, kwa Agnela mwenye mgahawa, maziwa ya dumu moja yalikuwa yameanza kukatika.

Agnela ni Mchaga wa Kibosho, mama mwenye haki lakini asiyejua kubembeleza. Alionja, akatema pembeni.

"Mama Gadiel, haya nitapikia nani chai?"

"Nisamehe mama. Pikipiki inaumwa."

"Basi ipeleke hospitali."

Aliipeleka Ngarenaro, kwa fundi Romanus. Romanus alifungua plagi, akaiangalia, akaisugua, mwisho akaweka nyingine. Pikipiki ikaondoka pale inaimba. Sinyati naye akaimba njia nzima mpaka Kiranyi.

Siku ya pili asubuhi ikakohoa tena.

Akarudi. Romanus akabadilisha waya wa plagi na kifuniko chake, akapuliza kichujio cha hewa. Ikapona. Ikalala kwa Naisula, ikaamka mgonjwa.

Juma lile jumuiya ilikutana kwa Naisula. Wakaimba, wakasoma neno, na wakati wa maombi Naisula mwenyewe akasema wasiisahau pikipiki ya dada yao, maana ndiyo mguu wa maziwa ya mlima mzima. Akatoka na kina mama mpaka bandani, akaweka mkono juu ya tangi, akafumba macho. "Bwana, iponye pikipiki ya mjane huyu. Wewe unajua inakoumia." Sinyati alilia. Aliona jinsi Mungu alivyompa ndugu asiyezaliwa naye.

Katika siku zile za kuchelewa, Peter, mkwe wa Naisula, aliyemwoa Joyce, alikuwa amepata pikipiki na madumu mawili ya bati. Mama mmoja akampa maziwa yake, kwa sababu yangeharibika. Kesho yake wakawa watatu. Sinyati hakukasirika. Alisema, "Afadhali yamefika, hayakumwagika." Lakini Agnela alikuwa amechoka. Siku moja maziwa yalipofika jua liko utosini, hakuonja hata kidogo. Alikunja mikono akasema, "Mama Gadiel, nakupenda na unajua. Lakini kesho ukichelewa tena, usihangaike kuja. Nitamchukua yule kijana wa kwenu, ameshakuja kuniuliza."

"Kijana yupi?"

"Si mkwe wa rafiki yako?"

Sinyati alishika usukani. Alijua kwamba Agnela akimwacha, na wengine wa Sakina watamwacha, na wanawake wa Kiranyi hawatampa maziwa mtu asiye na pa kuyapeleka. Pikipiki ikiwa haina maziwa, shemeji zake watarudi na maneno yao ya zamani. Kwa hiyo hakurudi nyumbani. Aliisukuma na kuiwasha, akaisukuma na kuiwasha, mpaka Ngarenaro.

Mafundi walimwona akitokea wakaanza. "Romanus, mgonjwa wako huyo! Amerudi kulazwa!" Mwingine akasema, "Mama shikamoo. Umeitia petroli kweli, au umechanganya dumu ukaitia maziwa?"

"Marahaba. Ningeitia maziwa ingekuwa imenenepa," Sinyati akajibu, wakacheka. Yeye hakucheka.

Romanus hakucheka pia. Aliona ni jina lake linalochezewa. Alivuta kigoda akakaa mbele ya pikipiki, akaitazama kama daktari anavyomtazama mtu anayesema anaumwa na haonyeshi wapi.

"Mama, leo sibadilishi kitu mpaka nijue. Tukae nayo."

Alifungua plagi. Akairudisha kwenye kifuniko chake, akaegemeza chuma chake kwenye injini, akapiga kiki kwa mkono. Cheche ikaruka, ya bluu, kali.

"Umeona? Moto upo. Kinachoifanya ikate si moto." Akainama akaweka pua kwenye tundu la plagi. "Basi ni chakula. Petroli unanunua wapi? Hii ya chupa barabarani?"

"Mimi? Kituoni. Siku zote kituo kilekile, na wenzangu wananunua hapo, hawakohoi."

Romanus akachukua chupa ya maji iliyokuwa tupu, akaishika chini ya kabureta, akalegeza skrubu ndogo ya chini. Petroli ikadondoka. Akaifunga, akainua chupa kwenye mwanga. Kisha akamkabidhi.

"Angalia mwenyewe."

Chini ya petroli, kwenye kitako cha chupa, kulikuwa na kitu kingine kimelala peke yake, kinateleza kama shanga ukiinamisha chupa. Hakichanganyiki.

"Maji," akasema Sinyati. Hakuhitaji kufundishwa. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kutafuta maji mahali pasipopaswa kuwa na maji. Kila asubuhi alitumbukiza kipimo chake cha kioo kwenye maziwa, kikielea juu maziwa ni mazima, kikizama yametiwa maji, na mwenye maziwa alirudishiwa palepale barabarani, mbele ya wenzake, kwa kelele na utani, na jioni wakapatana.

"Maji mama. Plagi mpya inajitahidi, inayavusha, unafika nyumbani. Yanaisha. Halafu yanakuja mengine." Romanus alikuna kichwa. "Hapa kwangu inaondoka inaimba. Ikilala huko inaamka mgonjwa. Inalala wapi, mama? Inanyeshewa?"

"Inalala ndani. Kuna bati."

"Kifuniko cha tangi kinafungwa?"

"Kinafungwa na ufunguo."

"Ufunguo unakaa na nani?"

Sinyati aliuona moyoni msumari wa mlango wa jikoni kwa Naisula.

Romanus alikwishaanza kumimina tangi lote kwenye beseni. Maji yalitoka mwishoni, mengi kuliko yale ya chupa, na pamoja nayo vumbi jeusi, chembechembe kama pilipili manga iliyotwangwa. "Mpira wa ndani ya bomba umeanza kuoza," akasema. "Au kutu." Akataka kumwaga.

"Subiri kidogo, baba."

Sinyati alichovya kidole, akaokota chembe zile, akaziacha petroli ikauke. Akazisugua kati ya kidole na kidole. Hazikukwaruza kama kutu. Hazikuvutika kama mpira. Zililainika, zikaacha mstari mweusi kwenye ngozi yake, mstari ambao ameuona mikononi mwake tangu akiwa msichana, na kwenye mikono ya mama yake. Mkaa. Mkaa wa oloirien, ule mti ambao wanawake wa kwao huuchoma ncha, wakauingiza ungali na moto ndani ya kibuyu, wakasugua, ili maziwa yasiharibike na yanukie moshi. Hata ukisuuza kibuyu vipi, masizi kidogo hubaki, na ukitia maji kwenye kibuyu, yatatoka na chembe nyeusi hizo.

Romanus ni Mchaga, asingejua. Kwao maziwa hayawekwi hivyo. Lakini Sinyati alijua kwamba maji yale hayakuingia kwa mvua wala kituoni. Yalimiminwa kwa mdomo mwembamba wa kibuyu, kwa mkono wa mwanamke anayejua kumimina bila kumwaga.

"Mama, vipi? Uso umekubadilika."

"Si kitu. Ioshe vizuri, Romanus. Isafishe tangi, ikaushe. Leo itapona kabisa."

"Umejuaje?"

"Nimejua tu."

Njiani pikipiki haikukata hata mara moja. Mlima wa Meru ulikuwa wazi siku hiyo, hauna wingu, na Sinyati aliutazama akasali, lakini sala yake ilikuwa moja tu: nisiwe nimemfikiria vibaya. Nifike nikute sivyo.

Naisula alikuwa peke yake uani, akichambua maharage. Alimwona, akatabasamu kama siku zote, akamsalimu kwa lugha ya kwao.

"Takwenya, mama Gadiel! Leo naisikia haikohoi. Maombi yamejibiwa!"

"Iko," Sinyati akaitikia salamu. Akaegesha pikipiki, akaelekea jikoni kutundika ufunguo, kama kawaida, mkono ukiwa umezoea msumari. Vibuyu vya Naisula vilikuwa vimetundikwa kwa mikanda yao ukutani, vikubwa na vidogo, vimeng'arishwa kwa samli. Aliviangalia. Kimoja hakikuwapo. Kile kidogo chenye shanga nyekundu na nyeupe, ambacho Sinyati mwenyewe alimletea Naisula alipojifungua Joyce, kibuyu cha maziwa ya mtoto.

Kilikuwa nje. Kimechomekwa kwenye mti wa uzio, nyuma, mdomo chini, jua linakipiga. Mwanamke hakitupi kibuyu kizima juani kipasuke. Sinyati alikwenda akakitoa, akakiweka puani.

Petroli.

"Hicho kiliingiwa na panya," Naisula akasema nyuma yake, upesi mno, "nikaona hakifai tena maziwa."

"Panya wa Kiranyi siku hizi wanakunywa petroli, mama Joyce?"

Maharage yaliyokuwa mkononi mwake yalidondoka moja moja, na hakuna aliyeinama kuyaokota. Sinyati alingoja. Angetaka sana aambiwe uongo mwingine, mzuri zaidi, ambao angeweza kuuamini.

"Sikutaka uanguke," Naisula akasema mwishowe. "Haki ya Mungu. Nilikuwa natia kidogo. Nilitaka uchelewe tu."

"Nichelewe."

"Peter amepata pikipiki, hana njia. Utamwona anazunguka tu. Joyce ana mimba, wanakaa hapo kwangu wanatazamana. Njia yote ya huku ni yako, mama Gadiel. Kila lango ni lako."

"Si ungeniomba! Ningemgawia upande wa juu wote. Ningempeleka mwenyewe kwa Agnela, nikamwambia huyu ni mwanangu."

"Nikuombe wewe?" Sauti ya Naisula ilipanda, macho yakajaa maji. "Tena? Wewe uliyenirudishia maziwa yangu?"

Sinyati alikumbuka. Wakati wa kiangazi, majani yalipokauka, kipimo kilizama kwenye maziwa ya Naisula. Hakusema neno. Alilichukua dumu akalizungusha nyuma ya nyumba, akalirudisha jikoni, akaondoka kana kwamba hakuna kitu.

"Nilikurudishia kwa siri. Nilikufichia. Hakuna aliyeona."

"Mimi niliona! Wengine wote unawapigia kelele pale barabarani, wanakutukana, mnacheka, jioni yameisha. Mimi ulinizungusha nyuma ya nyumba kama mgonjwa wa ukoma. Ukanihurumia. Tangu siku ile nikiona unakuja na ule upole wako, roho inaniuma. Nani alikushika kiti ulipokuwa huwezi hata kusimamisha pikipiki? Nani?"

"Ni wewe," Sinyati akasema. "Ndiyo maana nilikufichia." Akakigeuza kibuyu mkononi. "Na siku ya jumuiya. Mkono wako uliuweka juu ya tangi. Ukamwambia Bwana anajua inakoumia."

Hapo Naisula alijifunika uso kwa khanga.

Maji kwenye tangi Sinyati angeweza kuyatafutia sababu. Angeweza kusema ni njaa, ni wivu, ni uchungu wa mama kwa mwanawe. Lakini maombi yale aliyalilia kwa furaha. Alikuwa ameitikia amina kwa sauti, naye mwenzake akiwa amefumba macho anajua. Mahali hapo hakupata pa kukanyaga.

Hakumtukana, maana hakuzoea matusi. Alikitundika kibuyu mahali pake ukutani, pamoja na vingine, kikiwa kinanuka vilevile. Akauvuta ufunguo kutoka kwenye msumari, akatoka.

"Unaipeleka wapi?" Naisula aliuliza. "Mama Gadiel! Korongoni haipiti!"

Haikupita kwa urahisi. Ukingoni aliizima, akaiteremsha kwa mikono, visigino vimechimba udongo, breki ikilia. Katikati ilimshinda, ikalala ubavu, nayo ikamlaza. Alibaki pale chini kwenye majani mabichi, paja limebanwa, akisikia sauti ya zamani ikimwambia usiangalie gurudumu. Safari hii hakuna aliyekuja kumfuta vumbi. Alijitoa, akaiinua, akaisukuma. Jioni ile pikipiki iliingia jikoni kwake, ikasimama kati ya mafiga na zizi la ndama, na kabla ya kulala aliomba kama kawaida. Alipofika pale pa kuwasamehe waliotukosea, ulimi ulisimama. Akaanza upya, ukasimama palepale. Akamwambia Mungu, "Hapo utaningoja Baba, nitafika," akalala.

Asubuhi wanawake walisikia injini ikinguruma kutoka ng'ambo ya korongo, upande isikotokea siku zote, na kila mmoja akajua kuna jambo kati ya nyumba mbili zile.

"Ee, mama Gadiel, leo umetokea kuzimu?"

"Pikipiki imehama nyumba. Leteni maziwa, jua halingoji."

"Imehama kwa nini?"

"Ilichoka kulala ugenini."

Hawakuuliza zaidi. Wawili walikwisha kumpa Peter, wakatazama pembeni. Wengine walimjazia. Alipima yote mbele yao, kipimo kikaelea, akafunga madumu. Alipopita kwenye lango la Naisula, Naisula alikuwa amesimama pale na dumu lake dogo, si kwamba analitoa, si kwamba analirudisha. Mkono wa Sinyati uliinuka wenyewe kutaka kumpungia. Akaurudisha kwenye usukani. Injini ilikuwa inapiga sawasawa, safi kabisa, na moyoni alitamani ikohoe hata kidogo, apate sababu ya kusimama. Haikukohoa.

Agnela alikuwa anachochea jiko aliposikia madumu yanatua. Akaonja, akaonja tena, akaita msichana alete sufuria kubwa.

"Umewahi mpaka umenikuta sijafunga aproni. Karibu chai, keti. Kwa hiyo amepona?"

"Amepona, mama."

"Ulikuwa ugonjwa gani huo uliotusumbua hivyo?"

Sinyati alikipokea kikombe, akakizungusha mikononi, akitazama mvuke.

"Maji."

"Maji tu?"

"Maji tu," akasema, akainamisha uso kunywa, ili Agnela asiuone.